Nyuzi mpya za kaboni: Mkulima wa mkonge aogope?

KATIKA kikao kimoja cha wakulima wa mkonge wilayani Korogwe, mkoani Tanga, mzee mmoja alinyoosha mkono wakati nimeshafunga daftari langu na watu wameanza kuinuka.

“Mwanangu,” alisema, “tumesikia redioni kwamba wenzetu huko nje wametengeneza uzi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele na wenye nguvu kuliko chuma. Wewe umesoma, tuambie ukweli. Huu si ndio nailoni wa pili?”

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu gari lilikuwa linasubiri, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Makala haya ni jibu refu zaidi, kwake na kwa mfanyabiashara yeyote anayesikia neno “nano” likitajwa kwenye maonesho ya Nane Nane na kujiuliza kama kuna fedha ndani yake au hasara.

Swali la mzee yule lina historia. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, Marekani, iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo, nchi ilifika mahali pa kuzalisha zaidi ya tani 230,000 za singa mwaka 1964 na kuongoza duniani. Soko kubwa lilikuwa kamba za kufungia majani ya mifugo na mazao katika mashamba ya Ulaya na Amerika.

Kisha zikaja kamba za plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli, yaani polipropilini. Zilikuwa nyepesi, haziozi na bei yake ilikuwa chini. Bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na usimamizi katika mengi ya hayo haukuwa mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000 kwa mwaka. Wachumi hubishana ni kiasi gani cha anguko hilo kibebeshwe plastiki na kiasi gani uendeshaji wetu wenyewe. Mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba plastiki ilitusukuma, lakini tulikuwa tumeshasimama ukingoni.

Kwa hiyo mtu aliyeona korona zikifungwa na reli za trola zikiota majani ana haki ya kushtuka anaposikia habari za uzi mpya.

Kwanza tujue ni kitu gani. Kaboni si mgeni nyumbani kwako. Mkaa ulio jikoni ni kaboni, masizi kwenye kioo cha taa ya chemli ni kaboni, na ile risasi nyeusi ya penseli ya mtoto, ambayo ni madini ya kinywe, nayo ni kaboni. Almasi ya Mwadui ni kaboni vilevile. Gunia la mkaa na almasi vimetokana na kitu kimoja, na kinachotofautisha bei ni jinsi chembe zake zilivyopangwa. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu uchumi wote wa kitu hiki umesimama hapo.

Nyuzi nano za kaboni ni kaboni iliyopangwa katika umbo la uzi mwembamba kupita kiasi. Unene wake kwa kawaida ni kati ya nanomita 50 na 200, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una takriban nanomita 80,000. Singa moja ya mkonge ni nene zaidi ya hapo, kiasi kwamba ungeweza kupanga nyuzi nano zaidi ya 1,000 sambamba katika upana wake.

Hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupitisha gesi yenye kaboni, kama methani, kwenye tanuri la joto la nyuzijoto 500 hadi zaidi ya 1,000, ambamo kuna vumbi laini la chuma, nikeli au kobalti. Gesi huvunjika, na kaboni huota juu ya kila chembe ya chuma kama nywele zinavyoota kichwani. Methani hiyo ndiyo gesi ileile inayopatikana kwenye mtambo wa samadi wa mfugaji wa ng’ombe, na ndiyo iliyofanyiwa majaribio pale Hale kwa kutumia taka za mkonge.

Njia ya pili ni kuchukua plastiki maalumu iliyoyeyushwa, kuivuta kwa umeme wa nguvu kubwa hadi iwe utando kama wa buibui, halafu kuuoka kwenye tanuri lisilo na hewa hadi ibaki kaboni tupu.

Jambo hili si geni kama redio zinavyolitangaza. Marekani ilikwishatoa hataza ya kuotesha nyuzi za kaboni kutokana na gesi mwaka 1889. Kwa miaka mingi baadaye mafundi wa viwanda vya kemikali walizijua nyuzi hizi kama uchafu unaoziba mitambo yao. Aliyezigeuza kuwa bidhaa kwa kiasi kikubwa ni Mjapani Morinobu Endo, ambaye katika miaka ya 1970 alionyesha jinsi ya kuziotesha kwa makusudi na kwa mpangilio. Kampuni ya Showa Denko, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa Resonac, ikaja kuziuza kwa watengenezaji wa betri.

Zina sifa gani? Ni nyepesi, zina nguvu ya kuvutwa mara kadhaa ya ile ya singa ya mkonge kwa unene uleule, hupitisha umeme na joto, haziliwi na tindikali kwa urahisi, na gramu chache zina eneo kubwa sana la uso ambalo vitu vingine vinaweza kushikilia.

Hapo ndipo habari za redio huishia. Lakini zina kasoro, na kasoro hizo ndizo zenye jibu la mzee wa Korogwe.

Kasoro ya kwanza ni kwamba zile zinazooteshwa kwa gesi ni fupi mno. Nyingi hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Ukimwagiwa mkononi utadhani ni masizi. Huwezi kuzisokota kamba, huwezi kufuma gunia wala kufungia robota. Zile za utando hutoka kama kitambaa chepesi kinachovunjika, ambacho hutumiwa kwenye vichujio na betri. Ni kweli kuna nyuzi ndefu za kaboni zinazofumwa, lakini hizo ni bidhaa nyingine, nene zaidi ya mara 30, na ndizo zilizotumika kujengea sehemu kubwa ya ndege aina ya Boeing 787 kama ile ya kwanza ya ATCL iliyotua Dar es Salaam mwaka 2018. Hakuna mfugaji atakayefungia majani kwa uzi wa kujengea ndege.

Ya pili ni kwamba hupenda kugandamana. Ukizitia kwenye plastiki au saruji bila utaalamu hujikusanya mabonge, na mahali penye bonge pakawa ndipo panapopasuka kwanza.

Ya tatu ni vumbi lake. Mwaka 2013 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, ilipendekeza kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya mikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, baada ya majaribio ya wanyama kuonyesha madhara kwenye mapafu. Hicho ni kiwango kidogo sana. Zikishagandishwa ndani ya plastiki au betri, hatari hiyo hupungua mno. Anayehusika zaidi ni yule anayezishika zikiwa unga, au anayevunjavunja na kuchoma betri kuukuu uani kwake, biashara ambayo naona inaongezeka mijini bila mtu kuiuliza maswali.

Halafu kuna bei. Singa za mkonge huuzwa kwa tani. Nyuzi nano huuzwa kwa kilo, na maabara nyingi hununua kwa gramu.

Ukiunganisha hayo yote, utaona kwamba nyuzi nano si kamba. Ni kiungo, kama chumvi kwenye mboga. Hutiwa kidogo ndani ya kitu kingine ili kukibadilisha tabia. Adui wa mkonge katika soko la kamba na magunia amebaki yuleyule wa miaka ya 1960, polipropilini, na bei yake hupanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta ghafi. Mkulima anayetaka kujua hali ya soko lake mwakani afuatilie habari za mafuta na zile za Brazil, mzalishaji mkubwa kuliko wote, kuliko kufuatilia habari za nano.

Chumvi kwenye betri

Mfano ulio karibu nasi wa matumizi yake ni betri ya lithiamu, ile iliyomo kwenye simu, taa za sola, pampu za umeme wa jua na bodaboda za umeme zilizoanza kuonekana Nairobi, Kigali na Dar es Salaam.

Ndani ya betri kuna unga uliopakwa kwenye karatasi nyembamba za shaba na alumini. Aina inayopendwa sana sasa kwa sola na bodaboda hutumia unga wa chuma na fosfati. Ni salama zaidi, haina kobalti ya gharama, ila una tatizo moja: haupitishi umeme vizuri. Lazima uchanganywe na kaboni. Wengi hutumia masizi maalumu ya kiwandani kwa sababu ni rahisi. Wanaotaka betri idumu zaidi huongeza nyuzi nano kidogo.

Kwa nini nyuzi na si masizi tu? Kila betri inapochajiwa na kutumika, chembe za unga huvimba na kusinyaa. Baada ya mara nyingi huanza kuachana, na chembe iliyoachana na wenzake ni mfu, haibebi umeme tena. Nyuzi huzishikilia. Fundi wa jipsamu ataelewa haraka kuliko mhandisi: anapomimina dari, hutandika katani ndani yake, na bila ile katani dari hupasuka siku ya kulipandisha. Kazi ya uzi nano ndani ya betri ni hiyohiyo ya katani ndani ya jipsamu, na juu yake unapitisha umeme.

Matumizi mengine nitayapita haraka. Hutiwa kwenye plastiki za mabomba ya mafuta ya magari na vifungashio vya vifaa vya elektroniki ili umeme tuli usijikusanye na kutoa cheche. Hutengenezewa vichujio. Hujaribiwa kwenye saruji ili kuzuia nyufa ndogo zisikue.

Habari iliyofufua mjadala huu ilitoka Januari 2024. Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Brookhaven na Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walieleza njia ya kugeuza hewa ukaa kuwa nyuzi nano. Hatua ya kwanza hutumia umeme kugeuza hewa ukaa na maji kuwa gesi ya monoksidi ya kaboni na haidrojeni. Hatua ya pili huipitisha gesi hiyo kwenye mchanganyiko wa chuma na kobalti kwa joto la nyuzijoto 400 hivi, na kaboni ikaota. Wanasema nyuzi hizo zikitiwa kwenye saruji, kaboni itafungiwa humo kwa miaka 50 au zaidi.

Ni kazi nzuri ya kisayansi. Ni ya maabara pia, na inahitaji umeme mwingi usiotokana na makaa ya mawe, la sivyo unatoa hewa ukaa nyingi kuliko unayoifunga. Isichanganywe na biashara ya hewa ukaa inayotangazwa vijijini, ambapo kijiji hulipwa kwa kutunza msitu. Anayekuja na karatasi za kusaini na kutaja nano, saruji na msitu katika sentensi moja, mwambieni arudi akiwa na mwanasheria, na nyinyi muwe na wenu.

Kinachomgusa mkulima kweli

Nikimwambia mzee wa Korogwe aende akalale, sitamwambia hivyo mkulima wa Ruangwa au Mahenge. Katika betri, nyuzi nano ni chumvi tu. Kaboni nyingi iliyomo ni kinywe, ambacho hujaza upande mmoja wote wa betri. Na kinywe kipo chini ya mashamba ya watu kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Tangu Desemba 1, 2023 China, inayoongoza kwa kuchimba na hasa kusafisha kinywe, iliweka masharti ya vibali kwa aina kadhaa za kinywe kinachotoka nje ya nchi hiyo. Wanunuzi wa Marekani, Ulaya, Japani na Korea Kusini wakaanza kutafuta kwingine, na macho yao yakafika kwetu.

Tuangalie kwa jirani. Mgodi wa Balama, katika jimbo la Cabo Delgado, ni miongoni mwa mikubwa ya kinywe duniani na unamilikiwa na kampuni ya Syrah Resources ya Australia. Mwaka 2024 wakulima waliokuwa na malalamiko ya muda mrefu kuhusu mashamba yao na jinsi walivyohamishwa walizuia shughuli. Desemba mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Uzalishaji ulirejea katikati ya mwaka 2025 baada ya makubaliano.

Sehemu ya kinywe cha Balama husafirishwa hadi Vidalia, katika jimbo la Louisiana, Marekani, ambako kampuni hiyohiyo ina kiwanda cha kukisafisha, kukiviringisha chembe zake na kukipaka ili kifae kwa betri. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilikikopesha kiwanda hicho zaidi ya dola milioni 100. Turudi kwenye mkaa na almasi: chini ya ardhi ya Balama kuna kaboni, huko Louisiana kuna mpangilio, na mkopo ulikwenda kwenye mpangilio.

Kwetu, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Maneno hayo matatu ndiyo mkulima wa eneo la kinywe anapaswa kuyajua kabla ya mthamini hajafika kuhesabu mikorosho yake. Mkorosho mmoja si mti tu, ni mapato ya miaka mingi, na thamani hiyo hujadiliwa vizuri zaidi na mtu mwenye stakabadhi za mauzo ya misimu iliyopita kuliko mwenye kumbukumbu za kichwani. Tunzeni stakabadhi za ghalani.

Je, mfanyabiashara mdogo ana pa kuingilia katika biashara ya kaboni iliyopangwa? Kwenye nyuzi nano hapana, na sioni sababu ya kumdanganya. Tanuri, gesi safi na vipimo vyake ni mtaji wa kampuni kubwa. Lakini kuna ngazi za chini ambazo hatujazikanyaga sawasawa.

Mojawapo ni mkaa wa vifuu vya nazi. Ukichomwa vizuri, kisha ukapulizwa mvuke kwenye joto kali, hupata matundu madogo yasiyohesabika na kuwa kaboni inayonasa. Hiyo ndiyo inayotumiwa na wachenjuaji wa dhahabu wa Geita na Chunya kukusanya dhahabu kutoka kwenye maji ya sianidi. Ndiyo pia iliyomo kwenye vichujio vingi vya maji. Sri Lanka, India na Ufilipino ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani, na Haycarb ya Sri Lanka imekuwa ikiitengeneza tangu miaka ya 1970. Huku kwetu, kutoka Tanga hadi Mtwara, na Kilifi hadi Kwale upande wa Kenya, kifuu huishia jikoni au kwenye jalala la soko. Hesabu ya kuanzisha kiwanda si ndogo, na wingi wa vifuu mahali pamoja ni tatizo kwa sababu minazi yetu imezeeka. Hata hivyo, kukusanya vifuu na kuuza mkaa wake kwa wenye mitambo ni kazi ambayo kikundi kinaweza kuifikiria.

Mkonge wenyewe una njia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, mjini Guangzhou, China, walishazichoma singa za mkonge zikawa nyuzi za kaboni zenye matundu ya kunasa uchafu. Si nano, na hazijawa soko kubwa. Lakini katika miaka ya 1990 nyuzi za mimea, mkonge ukiwemo, zilishaingia kwenye mbao za milango ya magari ya Mercedes-Benz. Naona ndani ya mlango wa gari pana nafasi kubwa zaidi ya mkulima wa Korogwe kuliko ndani ya betri.

Nimalizie na jambo lililonifikia kwa wenye maduka ya pembejeo. Neno “nano” sasa linaandikwa kwenye chupa za mbolea na viuatilifu. Kuna mbolea ya maji iitwayo nano urea, iliyoanza kuuzwa India na ushirika wa IFFCO mwaka 2021, ikidaiwa kwamba chupa ya nusu lita inatosha badala ya mfuko mzima wa urea. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab yaliona mavuno ya ngano na mpunga yakishuka wakulima walipoitumia kupunguza urea ya kawaida. Mbolea hiyo haihusiani kabisa na nyuzi za kaboni. Mwenye duka akiletewa chupa ya namna hiyo aombe kwanza cheti cha usajili cha TFRA ikiwa ni mbolea, au cha TPHPA ikiwa ni kiuatilifu, na alinganishe jina lililo kwenye cheti na lililo kwenye lebo kabla hajalipa.